Kabla hujapanda ngazi kufunga kamera ya njia ya gari, soma hii kwanza

Kamera yangu ya kwanza niliifunga juu kabisa chini ya paa, kwenye kona ya nyumba, nikajiona nimemaliza kazi. Ilikuwa inaona njia yote ya gari kuanzia getini mpaka mlangoni, inaona bustani, inaona hadi paka wa jirani anavyotembea juu ya ukuta, na mimi kila nikikaa na watu natoa simu nawaonyesha. Sasa usiku mmoja nikasahau kufunga milango ya gari, jamaa akaingia zake taratibu, akafungua, akapekua mpaka akaridhika, akaondoka. Asubuhi nafungua rekodi kwa mbwembwe zote, picha ya 4K, safi kabisa, na nilichokiona ni kofia. Dakika nne nzima za kofia inatembea. Mwenye kofia mpaka leo simjui.

Kwa hiyo hapa sianzi na kamera gani ununue, ingawa najua ndo swali ambalo kila mtu anakuja nalo. Anza na hili: unataka picha ikujibu nini? Maana njia ya gari ina maswali matatu tofauti kabisa. Je, kuna mtu au gari limeingia? Huyo mtu ni nani? Na hilo gari namba zake ni zipi? Wengi wetu tunanunua kamera moja tukitegemea ijibu yote matatu, afu inaishia kujibu la kwanza tu, ambalo hata mbwa angekujibu.

Hesabu ndogo ya pikseli

Usikimbie, ni kugawanya tu. Kuna kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi kinaitwa IEC 62676-4, na toleo lake la 2014 linapima picha kwa kuangalia ni pikseli ngapi, yaani vidoti vinavyounda picha, zinaangukia kwenye kila mita moja ya kile unachokitazama. Pikseli 25 kwa mita zinatosha kujua kuna mtu pale na sio kichaka. Zikifika kama 62 unaanza kuona kavaa nini na anafanya nini. Kwenye 125 unaweza kusema aah huyu si fulani, yaani mtu ambaye tayari unamfahamu sura. Ila kumtambua mtu ambaye hujawahi kumuona, picha ambayo hata ukiwapelekea polisi inawasaidia, hapo unahitaji 250.

Sasa chukua kamera ya 4K, picha yake ina pikseli 3840 kwa upana. Ukiiweka lenzi ya milimita 2.8, ambayo ndo inakuja na kamera nyingi za nyumbani, inafungua macho kama digrii 100 hivi, na ukisimama mita 10 kutoka kwenye kamera picha inakuwa imebeba upana wa karibu mita 24. Gawanya 3840 kwa 24, unapata 160. Umeona? 4K yako yote hiyo, na mtu akiwa mita 10 tu tayari huwezi kumtambua kama humjui. Kamera ya 1080p, yenye pikseli 1920 kwa upana, kwenye hali hiyo hiyo inabaki na 80, hapo unaona tu shati.

Ila chukua kamera ya megapikseli 4, upana pikseli 2560, iweke lenzi ya milimita 6 ambayo inaona kama digrii 50. Pale pale mita 10 upana unakuwa mita 9 na kidogo, na pikseli zinapanda mpaka kama 275 kwa mita. Kamera ya hali ya chini imeipita ya 4K kwa sababu tu haijatanua macho kuangalia vitu usivyovihitaji. Hii ndo siri ambayo maboksi ya kamera hayakuambii, boksi linakwambia "inaona digrii 130!" kama vile ni sifa, wakati kadiri inavyoona pana ndivyo kila mtu ndani ya picha anavyozidi kuwa mdogo.

Ukitaka njia rahisi zaidi, chukua futi, nenda pale ambapo unataka sura ya mtu ionekane, pima upana wa eneo unalotaka picha ibebe, afu gawanya pikseli za kamera kwa mita hizo. Ukipata chini ya 250, ama sogeza kamera karibu, ama nunua lenzi nyembamba zaidi, yaani ya milimita nyingi inayoona eneo dogo. Na kama hujui utafunga umbali gani, zipo kamera za lenzi ya kuzungusha, milimita 2.8 mpaka 12, unarekebisha ukiwa tayari umeshaifunga. Zina bei juu kidogo lakini zinaokoa majuto. Zumu ya kwenye simu usiihesabu kabisa, ile inakuza vidoti tu, haiongezi kitu ambacho kamera haikukiona.

Urefu, hapa ndo wengi tunaharibu

Tunafunga juu sana kwa sababu tunaogopa itaibiwa au itageuzwa. Naelewa. Lakini sura ya mtu mzima iko kama mita 1.6 kutoka chini, sasa kamera ikiwa mita 5 juu na mtu yuko mita 5 mbele, inamwangalia kwa pembe ya digrii 34 hivi kutoka juu, na mtu yeyote mwenye kofia ya chepeo ameshakushinda. Ishushe iwe mita 3, mtu akiwa umbali ule ule pembe inashuka mpaka kama digrii 15, na hapo unapata macho, pua, mdomo, kila kitu. Mita 2.5 mpaka 3 ndo kimo kinachofaa kwa sura: mtu haifikii kwa mkono kirahisi na bado haiangalii utosi.

Basi ile ya juu tuiache? Hapana, ile ya juu ina kazi yake, ndo ya kujibu swali la kwanza, nini kimetokea, wamekuja wangapi, wameondokea upande gani. Kinachotakiwa ni kutoiachia kazi ya sura. Mimi sasa hivi nina mbili: pana iko juu kwenye kona, na nyembamba iko pembeni ya mlango wa mbele kwenye kimo cha mita 2.5, inaangalia pale tu ambapo mtu lazima apite akitaka kuligusa gari au kuja mlangoni.

Hiyo "lazima apite" izingatie sana. Kila njia ya gari ina sehemu moja inayobana, inaweza kuwa geti, nafasi kati ya gari na ukuta, au kona ya nyumba. Tafuta hiyo sehemu na kamera ya sura uielekeze hapo, hayo mengine yaachie ile pana. Na kama unaweza kuzipanga kamera mbili ili kila moja iwe inaiona mwenzake, fanya hivyo, maana mtu akienda kuifunika moja atarekodiwa na nyingine akiwa kainua mikono na uso juu.

Kitu kingine, njia za gari nyingi ni ndefu na nyembamba, wakati picha ya kamera ni pana na fupi, kwa hiyo nusu ya pikseli zako zinaangalia maua na ukuta. Kamera nyingi zinakubali kugeuzwa digrii 90, unaizungusha kwenye kikalio chake ilale ubavu, afu kwenye mipangilio unaiambia igeuze picha, unapata picha ndefu kama ya simu uliyoishika wima. Kwa njia ndefu iliyonyooka hii inabadilisha mambo kabisa na haina gharama yoyote, sijui kwa nini watu hawaifanyi.

Halafu jaribu na gari likiwa limepaki! Nimeona mtu kafunga kamera safi mchana gari halipo, jioni gari linarudi linaziba mlango mzima, mtu anaweza kuchuchumaa nyuma yake akafungua nati za matairi yote manne na kamera haina habari. Kama kuna siku unapaki gari refu zaidi, jaribu na hilo pia.

Jua, taa na buibui

Kamera ikiangalia mashariki au magharibi, kuna muda kila siku itakuwa kipofu kwa sababu jua linaingia moja kwa moja kwenye lenzi. Igeuze kidogo au ishushe pua mpaka anga ibaki kidogo sana kwenye picha. Kuna kitu kinaitwa WDR, kinasaidia kamera kusawazisha sehemu yenye mwanga mkali na yenye kivuli, na kwa kamera inayoangalia nje kutokea ndani ya banda la gari au chini ya varanda mimi nasema usinunue isiyokuwa nayo. Kinaandikwa kwa desibeli, 120 ni nzuri, na kikiandikwa "WDR ya kidijitali" ujue ni ya kuchakachua picha tu.

Usiku ndo kuna vituko. Kamera inawasha taa zake za infraredi ambazo mwanga wake jicho karibu haliuoni kabisa, sasa kama iko karibu na ukuta mweupe au ukingo wa paa umeingia kwenye kona ya picha, ule mwanga unagonga hapo unarudi, kamera inadhani kuna mwanga wa kutosha inajipunguza, na njia yote inakuwa giza. Watu wanarudisha kamera dukani wakisema mbovu, kumbe ni ukuta. Isogeze mbele kidogo kwa mkono wa chuma au kiboksi cha kufungia, tatizo linaisha. Na zile zenye kibakuli cha kioo kikipata vumbi, mkwaruzo au umande ndani, infraredi inarudi vile vile unapata ukungu mweupe, ndo maana kwa nje napendelea zile za umbo la jicho ambazo lenzi na taa vimetenganishwa na hakuna kibakuli.

Buibui wanazipenda kamera kuliko sisi tunavyozipenda. Wadudu wanafuata joto na mwanga, buibui anafuata wadudu, anasuka mbele ya lenzi, upepo ukipuliza utando unacheza na simu yako inalia usiku kucha "kuna mwendo". Dawa ambayo imenisaidia ni kuzima infraredi ya kamera na kufunga taa yake peke yake ya infraredi mita moja au mbili pembeni, buibui wanahamia huko. Au weka taa ya kawaida inayowaka mtu akipita, unapata na rangi za nguo, na wengine wanaondoka wenyewe taa ikiwaka tu.

Infraredi zenyewe ni aina mbili kuu, za nanomita 850 ambazo zinafika mbali ila ukiziangalia unaona kijiwekundu kidogo, na za 940 ambazo hazionekani kabisa ila hazifiki mbali. Kwa njia ya gari chukua 850.

Kuhusu giza kwa ujumla, usidanganywe na megapikseli. Angalia ukubwa wa sensa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, na namba ya f, inayoonyesha lenzi inaingiza mwanga kiasi gani (ikiwa ndogo, mwanga mwingi). Sensa ya inchi 1/1.8 inakusanya mwanga mwingi kuliko ya 1/3, na lenzi ya f/1.0 inaingiza mwanga mara nne ya lenzi ya f/2.0. Megapikseli 8 zilizosongamana kwenye kisensa kidogo usiku zinatoa uji. Nikiambiwa nichague kati ya megapikseli 4 yenye sensa kubwa na 8 yenye sensa ndogo, kwa usiku nachukua 4 bila kufikiria.

Namba za gari ni kazi ya kamera yake

Hapa sina habari njema. Pleti ya namba imetengenezwa kurudisha mwanga kule ulikotoka, ndo maana taa zikiimulika inawaka. Infraredi ya kamera nayo inarudi hivyo hivyo, kwa hiyo usiku kamera ya kawaida inakupa gari zuri lenye kibao cheupe kitupu. Ongeza mwendo: gari linalotembea kilomita 20 kwa saa linasogea karibu sentimita 19 ndani ya sekunde 1/30, ambayo ndo muda kamera nyingi zinaacha jicho wazi usiku, hapo herufi zote zimeshachanganyikana. Ukitaka namba lazima ushushe shata, yaani huo muda wa jicho kuwa wazi, mpaka sekunde 1/500 au 1/1000, na ukifanya hivyo usiku picha yote inakuwa nyeusi tii, kinachobaki ni pleti na taa za gari. Inasomeka vizuri sana, ila kamera hiyo haitakuonyesha kitu kingine.

Kwa hiyo kama namba ni muhimu kwako, tenga kamera moja, lenzi ndefu (ya milimita nyingi), iangalie sehemu ambayo gari linapunguza mwendo kama getini au kwenye tuta, na pembe isizidi digrii 30 kwa pembeni wala kwa juu. Na kama hukuwa na mpango huo basi usijitese, kamera ya sura na ya eneo zinatosha watu wengi.

Umeme na mtandao

Nitakuwa mkweli, mimi ni mtu wa waya. Kebo moja ya mtandao inapeleka umeme na kurudisha picha, wanaita PoE, inafika mpaka mita 100, na hakuna habari ya waifai kukatika katikati ya tukio. Hakikisha tu kebo ni shaba tupu, zipo za bei rahisi ambazo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, zinapoteza umeme njiani na kamera inajizima usiku pale infraredi zinapowaka, utahangaika wiki nzima hujui kwa nini. Kabla kebo haijaingia ukutani iache ining'inie chini kidogo kama herufi U, maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kuifuata waya mpaka ndani. Kiungio kiweke ndani ya kiboksi, na kamera yenyewe iwe IP66 au IP67, ambavyo ni viwango vya kuzuia vumbi na maji.

Za betri zina nafasi yake, hasa nyumba ya kupanga usiyoweza kutoboa. Ila jua inavyofanya kazi: inalala, sensa ya joto ndo inaiamsha, na sensa hiyo inamgundua haraka mtu anayekatiza mbele yake kuliko anayeijia uso kwa uso. Wengi wanaifunga ikitazama njia moja kwa moja, mtu anakuja akiielekea, inachelewa kuamka, inarekodi mgongo. Ifunge iangalie njia kwa ubavu. Na kama ni ya waifai, mtandao wa gigahezi 2.4 unapenya kuta vizuri kuliko wa 5, nenda na simu pale pale utakapoifunga uangalie video inacheza bila kukwama kabla hujatoboa kitu.

Kurekodi: kamera moja ikitumia megabiti 4 kwa sekunde muda wote inakula karibu gigabaiti 43 kwa siku, kwa hiyo diski ya terabaiti 1 inakaa siku 23 hivi. Kamera nne, terabaiti 4, siku zile zile. Ukiweka irekodi mwendo tu utaokoa nafasi, lakini iambie ihifadhi na sekunde 5 za kabla ya mwendo, la sivyo kila video inaanza mtu ameshafika. Memori kadi ununue zile zilizotengenezwa kwa ajili ya kurekodi mfululizo, za kawaida zinakufa kimya kimya na utajua siku unayohitaji picha. Na mashine ya kurekodia usiiweke sebuleni chini ya tivii, mwizi akiingia anaibeba na ushahidi wake.

Paswedi ya kiwandani badilisha siku ile ile. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka vifaa vingi mno duniani, kamera na mashine za kurekodia zikiwemo, kwa kujaribu tu paswedi za kiwandani ambazo watu hawakuzibadilisha. Fanya apdeti, na saa ya kamera iweke ijirekebishe yenyewe kwa intaneti, maana rekodi yenye saa ya uongo inaleta ubishi.

Jirani naye ana haki zake. Dirisha lake au uwanja wake ukiingia kwenye picha, kamera nyingi zina sehemu ya kuchora kiboksi cheusi kuziba eneo hilo, tumia, na sheria za unapoishi kuhusu kurekodi barabara na sauti ziangalie kabla. Mimi sauti nimeizima tu.

Jaribio la usiku

Usifunge skrubu za mwisho mchana. Ishikilie kamera pale kwa muda, hata kwa utepe wa gundi na nguzo, subiri giza liingie, mwambie mtu avae kofia na atembee kutoka getini mpaka kwenye gari kwa kawaida yake, sio kwa kupozi. Afu afungue mlango wa gari, ainame, aondoke. Wewe kaa ndani ufungue rekodi, sio picha ya moja kwa moja bali rekodi, kwa sababu rekodi mara nyingi imebanwa zaidi, na usimamishe pale anapokuwa karibu zaidi. Jifanye humjui. Kama humtambui, shusha kamera, badilisha lenzi au sogeza, rudia. Baada ya hapo washa gari liingie na taa kali uone kamera inachukua sekunde ngapi kurudi kuona. Ikiwa kipofu sekunde 3 au 4, geuza pembe kidogo taa zisiigonge usoni.

Mimi nilirudia mara tano siku ile. Dogo aliyekuwa anatembea na kofia alichoka akaanza kudai malipo, lakini mara ya tano niliposimamisha picha nikaona mpaka amenuna.